Uliza Fundi: Ufunguo unamsumbua mama, nimuwekee kitasa gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Tanga peke yake, kuna dada wa kazi anakuja asubuhi anaondoka jioni. Vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, kuzungusha ufunguo hawezi, juzi kakaa barazani mpaka jirani alipopita akamfungulia. Kariakoo nimeona vitasa unagusa kidole tu mlango unafunguka, nataka nimpelekee sikukuu. Sasa umeme ukikatika si atabaki nje? Msomaji, Dar.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. La umeme lisikutishe, vitasa vingi vya aina hiyo vinatumia betri ndogo, mara nyingi 4 kama zile za saa ya ukutani, zikikaribia kuisha vinapiga kelele au taa nyekundu, na vingine kwa chini vina tundu la yuesibii unachomeka pawabenki ukiwa huko huko nje kinapata nguvu. Ila kisicho na tundu la ufunguo wa akiba usikubali hata wakupunguzie bei, na huo ufunguo mmoja akae nao jirani. Cha kuogopa umeme ni kile cha sumaku cha maofisini, umeme na betri yake vikiisha mlango unaachia, mwizi anaingia bila hodi.

Sasa hilo la kidole hapo nakukatalia. Mtu kafua, kalima, kakuna nazi miaka yote hiyo, alama zimelika na ngozi imekauka. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole nilimsindikiza shangazi yangu, "weka tena mama, weka tena", tumezunguka vidole vyote 10. Sasa fikiria hiyo ni mlangoni kwake, usiku, mvua inanyesha.

Mnunulie chenye kadi au kile kidude cha duara kidogo cha kugusisha. Mama atakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela yake, hana cha kukumbuka. Namba ziwepo pia kama akiba, lakini ziwe vitufe vya kubonyeza kweli vyenye namba kubwa, siyo kioo cheusi ambacho hata mimi mchana wa jua sioni kitu. Dada wa kazi mpe namba yake peke yake, akiacha kazi unaifuta na ya mama haiguswi.

Halafu angalia mkono wa kitasa, watu hawauangalii kabisa wanaangalia taa taa tu. Uwe mrefu wa kushusha chini, anausukuma hata kwa kiwiko akiwa na kapu, siyo wa duara wa kuzungusha, maana hapo tatizo lake umelirudisha pale pale. Kwa ndani ukishusha tu mlango ufunguke, bila namba bila kadi, siku moshi ukijaa jikoni hamna muda wa kutafuta kanga. Na vingi vinajifunga vyenyewe baada ya sekunde kadhaa, hiyo mwambie fundi aizime, la sivyo mama atatoka kuanika nguo, kidude kiko kitandani, basi.

Kabla hujanunua, pima unene wa mlango. Kama ni wa mbao, kwa Tanga masika unavimba, upigwe randa kwanza kwa sababu komeo likibanwa kimota kinahangaika na betri zinaisha haraka. Na je, mbele kuna grili yenye kufuli? Kama ipo na hilo kufuli linabaki, hela yako umetupa, kwa sababu ufunguo wa kumsumbua bado anao.

SWALI: Fundi, baba anatembea na fremu ya kujishikilia na tunataka geti la kuteleza liwe la rimoti. Si litambana? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Litambana kama mtaweka mota bila sensa, yale macho mawili yanayotazamana, mtu akikatiza katikati geti linasimama. Ongezeni jozi ya pili chini, usawa wa magurudumu ya fremu. Rimoti iwe ya vitufe viwili, ifungwe kwenye fremu yenyewe. Stima zikipotea mota inaachiwa kwa ufunguo wake halafu geti linasukumwa kwa mkono, kwa hiyo huo ufunguo usisafiri na mtu, na ule mlango mdogo wa pembeni msiuzibe.