Dakika tatu mbele ya bodi ya shule

Maswali ya safari hii yametoka kwa wazazi waishio Marekani. Karibu yote yanahusu mikutano ya bodi ya shule, watu wanaopitisha bajeti na kumwajiri msimamizi mkuu wa shule za eneo.

*Mimi si raia. Naruhusiwa kwenda na kusema?*

Kwenda, ndiyo. Kila jimbo lina sheria ya mikutano ya wazi, na mlangoni hakuna wa kukuuliza pasipoti. Kusema ndiko kunakotofautiana. California inailazimisha bodi kuwapa watu nafasi. Sheria ya New York inakupa haki ya kukaa na kusikiliza, mengine yakabaki kwa bodi yenyewe, na bodi nyingi huruhusu. Kuwapigia kura wajumbe kwa kawaida ni kwa raia tu. San Francisco iliwafungulia mlango wazazi wasio raia kwa kura ya mwaka 2016, lakini usijiandikishe popote kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji.

*Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Si nitachekwa?*

Piga simu ofisi ya wilaya ya shule siku kadhaa kabla, uombe mkalimani. Kwa California, anayezungumza kupitia mkalimani hupewa angalau mara mbili ya muda wa wengine: wao dakika tatu, wewe sita. Mwanao asiwe mkalimani wako, hasa kama jambo lenyewe linamhusu yeye. Nimeona mtoto akitafsiri malalamiko ya mamake huku akiyapunguza makali kila sentensi.

*Nilieleza jinsi basi linavyochelewesha watoto. Wajumbe wakanitazama tu, wakaita mtu mwingine. Walinidharau?*

Sidhani. Ukizungumzia jambo lisilo kwenye ajenda, mara nyingi sheria inawazuia kulijadili papo hapo. California ajenda ya mkutano wa kawaida hubandikwa saa 72 kabla, ili jirani yako anayepinga hoja yako naye apate habari aje. Kwa hiyo kimya kile kinauma, ila kina sababu.

Kosa ninaloliona zaidi ni letu wenyewe: tunatumia dakika mbili kusalimia na kusimulia tulivyofika nchi hii, taa ya njano ya kuonya kuwa muda unakwisha inawaka, basi bado halijatajwa. Anza nalo: “Wiki iliyopita basi la mtaa wetu lilifika baada ya kengele siku nne kati ya tano. Naomba liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao.” Kaa. Mwachie katibu maelezo yako kwa maandishi, na kesho yake umwandikie barua pepe mjumbe wa eneo lako. Ombi likishaingia kwenye ajenda, rudi na wazazi wenzako watatu, kila mmoja na tarehe zake. Mkutano huo wa pili ndio wenye uzito, na wengi wetu hatuufiki kwa sababu tulikata tamaa kwenye ule wa kwanza.

*Naweza kumtaja mwalimu aliyemwonea mwanangu?*

Kuikosoa bodi na sera zake ni haki yako. Ya mwalimu anza nayo kwa mkuu wa shule, kwa maandishi. Jina la mtoto wa mwenzio usilitaje kabisa. Mikutano mingi hurekodiwa.

*Ninafundisha katika shule za bodi hiyohiyo. Nisimame au ninyamaze?*

Mwaka 1976, katika kesi iliyotoka Madison, Wisconsin, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwalimu asiye mwanachama wa chama cha walimu hawezi kuzuiwa kuzungumza kwenye mkutano wa wazi wa bodi, hata kuhusu mkataba unaojadiliwa na chama. Hiyo si kinga ya kila neno. Sema kama mkazi, siri za wanafunzi ziache darasani, na usivae kitambulisho cha kazi unapokwenda kwenye maikrofoni.