Maswali na majibu: kuhesabu kromosomu katika meiosisi bila kupotea

Seli ya binadamu yenye kromosomu 46 inanakili DNA yote kabla ya meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu za kiume. Mbona bado tunaandika 46, si 92?

Kwa sababu kinachohesabiwa ni sentromea. DNA ikishanakiliwa, kila kromosomu huwa na kromatidi mbili, yaani nakala mbili zinazofanana, zilizoshikana kwenye sentromea, ile alama ya X unayoiona katika michoro. X moja, kromosomu moja. Kwa hiyo seli ina kromosomu 46 zenye kromatidi 92. Meiosisi I, mgawanyiko wa kwanza kati ya miwili, ikiisha, kila seli ina kromosomu 23 na kromatidi 46. Meiosisi II ikiisha, zinabaki kromosomu 23, kila moja ikiwa kromatidi moja tu.

Sasa pima DNA. Tuseme gameti (yai au mbegu ya kiume) ina kizio 1. Seli ya mwili ambayo haijanakili ina 2, ikinakili inafika 4, baada ya meiosisi I inashuka hadi 2, kisha 1. Hiyo 2 imejitokeza mara mbili, na hapo ndipo wengi huangukia: seli mbili zina kiasi kilekile cha DNA, ila moja ina kromosomu 46 na nyingine 23. Mtego mwingine uko anafesi II, hatua ya mgawanyiko wa pili ambapo kromatidi huvutwa pande mbili. Kromatidi zikiachana tu, kila moja huhesabiwa kuwa kromosomu kamili, kwa hiyo kwa muda mfupi seli huwa na 46 tena.

Nikipewa mchoro usio na jina, nitajuaje ni metafesi (hatua ya kromosomu kujipanga katikati ya seli) ipi?

Tazama mstari wa katikati. Kromosomu zikisimama mbili mbili, ya baba ikikabiliana na ya mama, ni metafesi I. Zikipanga foleni moja moja, tafuta wenza: ukiona ndefu mbili na fupi mbili, ni mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili; kila urefu ukiwa na kromosomu moja tu, ni metafesi II.

Idadi imeshapungua kwenye meiosisi I. Meiosisi II ni ya kazi gani?

Kutenganisha kromatidi dada, zile nakala mbili za kromosomu moja. Bila hiyo, gameti ingebeba kila jeni katika nakala mbili.

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanatofautianaje kiasi hicho?

Kwenye metafesi I kila jozi hujipanga bila kujali jozi nyingine zimeelekea wapi. Jozi 23 hutoa michanganyiko 2²³, yaani 8,388,608, kwa mzazi mmoja. Zidisha na ya mzazi wa pili, unavuka trilioni 70. Na hapo hatujagusa kubadilishana vipande, kunakotokea profesi I, hatua ya mwanzo ya meiosisi I, pale kromatidi ya baba na ya mama zinapokatika mahali pamoja na kuunganishwa kwa kupishana. Kromosomu moja ikiwa na aleli (matoleo ya jeni) A na B, mwenzake a na b, mkato ukipita kati ya jeni hizo mbili utapata pia Ab na aB. Jeni zikiwa karibu sana, mkato hupita kati yao mara chache, ndiyo maana hurithiwa pamoja.

Tunataka kuonyesha haya darasani kwa nyuzi. Tuanzeje?

Kata nyuzi nyekundu nne, mbili za sentimita 12 na mbili za sentimita 6. Fanya hivyo kwa buluu. Funga pamoja nyuzi mbili za rangi na urefu mmoja kwa fundo jepesi katikati. Utapata X nne. Usitumie shanga kuwa sentromea: haigawanyiki, na ukifika anafesi II utakwama.

Laza ndefu nyekundu kando ya ndefu buluu. Kata sentimita 3 kwenye ncha ya uzi mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, badilishana vipande, funga. Kosa la kawaida ni kubadilishana kati ya nyuzi za rangi moja. Kromatidi dada zinafanana, hivyo hakuna jipya. Ukikata vipande visivyolingana, upande mmoja utapungukiwa jeni na mwingine utazidishiwa. Hilo hutokea hata ndani ya seli: upofu wa rangi nyekundu na kijani mara nyingi huanzia kwenye mkato wa namna hiyo katika kromosomu ya jinsia iitwayo X.

Mwishoni kagua gameti zote nne. Kila moja iwe na uzi mmoja mrefu na mmoja mfupi. Ukikuta mirefu miwili, rudi nyuma. Kuna mahali hukutenganisha.

Je, kuna tofauti kromosomu zikishindwa kuachana meiosisi I au II?

Ipo, na mitihani huipenda. Jozi ikigoma kuachana meiosisi I, gameti zote nne huharibika: mbili zina kromosomu ya ziada, mbili zimepungukiwa. Kosa likitokea meiosisi II katika seli moja, gameti mbili ni nzima, moja imezidi na moja imepungua. Gameti yenye nakala mbili za kromosomu namba 21 ikirutubishana na ya kawaida, mtoto huwa na kromosomu 47 na hali ya Down. Makosa mengi ya aina hii hutoka kwenye yai. Mayai huanza meiosisi kabla msichana hajazaliwa, husimama profesi I kwa miaka mingi, na protini zinazoshikilia kromosomu hulegea kadiri miaka inavyopita.

Kwa nini nyumbu, mtoto wa farasi na punda, karibu hazai kabisa?

Farasi ana kromosomu 64, punda 62, nyumbu 63. Kwenye profesi I kromosomu za pande mbili hazipati wenza wa kushikana nao sawasawa, na meiosisi hukwama.