Mvua ya wikendi Herne Hill
Ndugu, umeuliza ushushe upepo wa tairi kiasi gani ili ushindane kwa baiskeli kwenye uwanja wa Herne Hill, London, mvua ikinyesha. Usishushe. Uwanja ule wa mita 450 hauna paa, na baiskeli ya uwanjani haina breki. Mistari ya rangi ikilowa huteleza vibaya, na tairi la mbele likishateleza kwenye kona hulirudishi tena. Mbio husimama mpaka pakauke.

Kusubiri ndiko kunakoua miguu. Beba rola (mitungi inayozunguka chini ya magurudumu ili upige pedali papo hapo), jezi mbili kavu na soksi. Pasha mwili dakika 20 kabla ya zamu yako, si mapema.

Jioni chomoa siti na bomba lake, pindua fremu maji yatoke. Kausha cheni, tia oili.