Uso si sufuria: majibu ya maswali yenu ya skrabu

Leo najibu maswali ya skrabu peke yake. Si kwa mapenzi. Yamezidi, nami nimechoka kuona watu wanaugua kwa jambo wanalojifanyia wenyewe kila jioni mbele ya kioo. Nikisema skrabu, nina maana ya ile yenye punje: maganda ya kokwa yaliyosagwa, sukari, chumvi, kahawa, na jamaa zao wote. Zile za asidi tutazifikia. Haya.

Shikamoo shangazi. Eti skrabu inaondoa chunusi?

Marahaba. Haiondoi.

Shangazi, nasugua uso kila usiku kwa skrabu ya kokwa. Nikimaliza unakuwa laini kabisa, lakini baada ya siku mbili chunusi zinatoka nyingi kuliko mwanzo. Niongeze ziwe mara mbili kwa siku?

Usiongeze, mwanangu. Hata hiyo mara moja, iache leo.

Chunusi haianzii pale juu unaposugua. Inaanzia ndani, kwenye kijitundu kinamoota unywele, kilichoungana na tezi ya mafuta. Seli za ukuta wa kijitundu hicho, badala ya kupukutika na kutoka pamoja na mafuta, zinagandamana zikawa kizibo. Nyuma ya kizibo mafuta yanajaa, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes anashiba na kuzaana, mwili unastuka, na hapo ndipo unapoona uvimbe na usaha. Hicho kizibo kimejengeka kwa wiki kadhaa kabla hujakiona kwenye kioo. Sasa niambie, punje yako ya kokwa itakifuata huko chini kwa njia gani, wakati yenyewe ni nene kuliko mlango?

Inachoweza ni kupita juu na kukwangua. Ule ulaini unaousikia ni wa kweli, maana seli kavu za juu zimeondoka, ila chunusi haikuwamo katika seli hizo. Na ile iliyokwisha kuvimba, ukuta wake umedhoofika. Ukiikandamiza na kuisugua, kamba hukatikia pabovu: inapasukia ndani, uchafu wake unamwagika kwenye nyama ya jirani, na kesho palipokuwa na kipele kimoja pana donge linalouma hata ukilalia mto.

Wala si habari mpya. Mwaka 1975 madaktari wa ngozi wa Marekani, Mills na Kligman, walieleza chunusi zinazochochewa na msuguano na mgandamizo, kama wa mikanda ya kofia inayobana kidevu. Mwaka huohuo wakaeleza na za watu wanaoosha uso kupita kiasi kwa sabuni wakidhani wanajitibu. Imepita nusu karne, na mimi bado naulizwa "niongeze ziwe mara mbili?"

Kuna dada alinijia mashavu yanang'aa kama plastiki mpya. Anajisikia msafi, akasema, ila siku hizi hata maji matupu yanamchoma. Ule mkazo ambao wengi wenu mnauita usafi ni ngozi iliyochunwa, haiwezi tena kushika maji yake. Nikamwachisha kila kitu. Akabaki na sabuni laini ya maji isiyo na manukato na krimu ya kulainisha, asubuhi na jioni, kwa mwezi mzima, anaosha kwa vidole, anakausha kwa kugusisha taulo bila kufuta. Chunusi hazikuisha, sitawadanganya. Zilipungua, na tukapata uso unaoweza kuvumilia dawa.

Mimi situmii vya dukani, natumia limao na sukari. Vya asili havina madhara, au nakosea?

Upupu nao ni wa asili. Jisugue nao uniambie.

Swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kuamini mnasoma vichwa vya habari tu. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH ya kama 5 (pH ni kipimo cha uasidi, na namba ikishuka asidi inazidi ukali). Limao lina kama 2, na magadi soda, ambayo wengine mnachanganya humohumo, yanapita 8. Yaani mnaivuta ngozi huku, mnairudisha kule, na katikati mnaikwangua. Ukitoka juani na maji ya limao usoni unaweza kupata malengelenge, yakishapona yanaacha madoa ya miezi. Na sukari yenyewe, chukua punje moja uitazame kwa kioo cha kukuzia: ni kijitofali chenye kona. Inayeyuka, ndiyo, ila unasugua kabla haijayeyuka.

Kwa kuwa tumegusa punje, kuna zile shanga ndogo za plastiki zilizokuwa kwenye skrabu. Marekani ilipitisha sheria ya kuzipiga marufuku mwaka 2015, Uingereza ikafuata 2018, kwa ajili ya mito na samaki. Uso wenu haukuwamo katika mjadala. Zilipoondoka nafasi ikabaki kwa kokwa zilizosagwa, zenye makali kuliko plastiki ile iliyokuwa walau ya mviringo. Samaki wamepata nafuu.

Nina vidoti vyeusi puani. Nasugua mpaka pua inawaka lakini uchafu hautoki.

Hautoki kwa sababu si uchafu. Ni mafuta na seli zilizoziba tundu lililo wazi, na sehemu ya juu imegeuka nyeusi kwa hewa na kwa rangi ileile inayoipa ngozi weusi wake. Ungeweza kunawa kutwa nzima. Tena vile vya kijivu vidogovidogo vilivyojipanga puani kwa usawa si ugonjwa kabisa, ni mirija ya mafuta ya kawaida. Ukiikamua leo, baada ya wiki chache imejaa tena. Iacheni pua ya watu ipumzike.

Skrabu yangu wameandika "kwa ngozi yenye chunusi" na ina asidi ya salisiliki asilimia 2. Mbona wewe unapinga dawa?

Nakupongeza kwa kusoma nyuma ya chupa. Wengi huishia kwenye picha ya mbele.

Dawa sijaipinga. Asidi ya salisiliki inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaweza kuingia kule kwenye kijitundu ambako punje haifiki, ikalegeza kizibo. Lakini ndani ya chupa yako mmoja anafanya kazi na mwingine anakula sifa. Ukiona nafuu unasema skrabu imenisaidia, kumbe aliyekusaidia ni asidi, na punje zilikuwa zinakurudisha nyuma. Nunua asidi bila mchanga. Afadhali iwe ya kupaka ikakaa usoni, kwa sababu inayosuuzwa baada ya nusu dakika haipati muda wa kufanya lolote kubwa.

Basi tuambie tutumie nini badala yake. Kila siku unakataza tu.

Haya, maana lawama hii ina haki yake.

Kwa chunusi ndogondogo na za kiasi, mbali na hiyo salisiliki, kuna dawa mbili za kupaka ambazo nazitanguliza. Moja ni benzoili peroksaidi, inayoua yule bakteria. Anza na asilimia 2.5. Ya asilimia 10 ina sifa ya ukali, lakini hiyo ya chini hufanya kazi karibu sawa, na haikaushi ngozi sana kama hiyo. Angalizo ambalo watu hulipata wakiwa wamechelewa ni kwamba inachujua nguo. Mimi mwenyewe nililala na foronya ya bluu nikaamka na ramani ya rangi ya chungwa. Tumia foronya nyeupe na taulo nyeupe.

Ya pili ni adapalini ya asilimia 0.1, ya ukoo wa vitamini A. Hii ndiyo inayofanya kazi mliyotegemea skrabu iwafanyie: inazifundisha seli za kijitundu kupukutika kwa utaratibu, kizibo kisijengeke. Huko Marekani tangu 2016 inauzwa bila cheti cha daktari. Unapaka usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, si kudonoa chunusi mojamoja, kwa sababu unawinda zile ambazo hazijatokeza. Anza usiku mmoja kwa kuruka usiku mmoja au miwili. Itakukausha mwanzoni. Paka krimu ya kulainisha juu yake, na asubuhi sanskrini, ile krimu ya kukinga jua.

Ninachoomba, na hapa nawajua: msianze zote siku moja. Kuna mtu atasoma haya, atanunua salisiliki, benzoili na adapalini, atazipanga usiku uleule kama anapaka rangi ukuta, juu yake aongeze skrabu "ili dawa iingie vizuri". Ikiingia hivyo unaungua. Dawa moja, mwezi mmoja, kisha ndiyo tuzungumze kuongeza nyingine.

Nimeanza skrabu mpya, uso umejaa vipele. Aliyeniuzia anasema ngozi inatoa sumu, nivumilie.

Ngozi haitoi sumu kwa njia ya chunusi. Kazi ya sumu ni ya ini na figo. Ni kweli adapalini na ndugu zake huweza kuzitoa mapema chunusi zilizokuwa njiani, na hali hiyo hutulia ndani ya wiki kadhaa. Punje za kokwa hazina uwezo huo. Uso wako umeumia, na aliyekuuzia anajua ukivumilia chupa itaisha utanunua nyingine.

Nimetumia dawa wiki mbili sijaona kitu. Nibadilishe?

Hapana. Ipe wiki 8 mpaka 12.

Mimi ni mwanamume, nikinyoa napata vipele shingoni. Mke wangu amenipa skrabu yake.

Mrudishie kwa shukrani. Kama ndevu zako ni za kujikunja, hizo huenda si chunusi bali ni ncha za ndevu zilizokatwa chini mno zikajichoma upya kwenye ngozi. Acha kuvuta ngozi unaponyoa, tumia mashine inayobakisha kivuli cha ndevu, usirudie palepale mara tatu. Ukiweza kuziachia zikue kwa mwezi, nyingi zitajitoa zenyewe.

Vipele vyangu viko kwenye paji la uso, vidogo, vyote vinafanana, na vinawasha sana.

Hilo neno "vinawasha" ndilo lililonifanya nichague barua yako. Chunusi za kawaida huuma zaidi kuliko kuwasha, na huwa za umri tofauti, hii changa, ile imeiva. Vipele vinavyolingana kama vimechapishwa huweza kuwa vya fangasi aitwaye Malassezia, na antibayotiki za vidonge huweza kuvizidisha. Muone daktari kabla hujapaka chochote.

Shangazi, chunusi zimeisha ila zimeacha madoa meusi. Skrabu si itayasugua yaondoke?

Doa halijakaa juu ya ngozi kama tone la chai mezani. Rangi imemwagika ndani, ngozi ilipokuwa inapigana na uvimbe. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi, na kila mchubuko mpya ni sababu mpya ya ngozi kumwaga rangi. Ndiyo maana wanaosugua madoa huishia na madoa mapana zaidi. Zuia chunusi mpya, paka sanskrini ya SPF (kiwango cha kinga ya jua) 30 au zaidi kila asubuhi, tumia adapalini au asidi ya azelaiki, dawa nyingine ya kupaka, na ukubali kuhesabu kwa miezi.

Hukuniuliza hili lakini nakwambia, kwa sababu najua hatua inayofuata baada ya skrabu kushindwa. Utaletewa kikopo cha krimu kisicho na orodha ya vilivyomo, na ndani ya siku tano uso utakuwa umetakata. Krimu inayofanya haraka hivyo ishuku kuwa ina steroidi, au zebaki, au vyote. Steroidi inazima wekundu na uvimbe kwa muda, inaifanya ngozi kuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha inaleta chunusi zake yenyewe, na ukiiacha ghafla uso unalipuka. Zebaki inapenya mpaka kwenye figo. Nimewaona watu waliokuja na madoa matatu ya chunusi wakaondoka kwenye krimu hizo na mishipa inayoonekana mashavuni.

Nina ujauzito wa miezi minne. Adapalini sawa?

Iache mpaka ujifungue. Asidi ya azelaiki inakubalika, mwulize daktari wako. Na vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali, mjamzito havigusi kabisa, vinaharibu mtoto tumboni. Mwenye kuvimeza ahakikishe hashiki mimba. Asikupe rafiki aliyebakiwa navyo.

Dodoki je? Au ile brashi ya kuzunguka kwa betri?

Punje kubwa yenye mpini.

Yaani hakuna mtu hata mmoja anayefaa kusugua uso?

Yupo. Asiye na chunusi zilizovimba, ngozi yake haikauki ovyo, hatumii dawa zozote nilizotaja, anasugua mara moja kwa wiki kwa ncha za vidole, punje laini, sekunde chache. Sijawahi kupokea barua yake.

Sasa hii skrabu niliyonunua juzi niitupe?

Visigino unavyo.