Sanrufu inavuja? Kabla hujanunua raba mpya, mwaga kikombe kimoja cha maji

Mbukwenyi wakuu. Mkuu mwenye uzi, umesema gari lako linalowa miguuni pa dereva kila mvua ikinyesha, na fundi wako amekupa mambo mawili: ununue raba mpya ya sanrufu (kile kioo cha paani kinachofunguka), au akuzibie kioo moja kwa moja kwa silikoni. Wachangiaji watatu hapo juu wamekwambia ziba tu, Dodoma mvua yenyewe iko wapi. Mimi niliziba. Subiri kwanza nikusimulie.

Gari langu ni la Kijapani la mwaka 2008. Aina yake siitaji, maana nawajua watu wa humu, tutaanza kubishana gari gani ni jiwe na tutasahau maji. Wakati huo nilikuwa na kibarua kule Mtumba, hapa hapa Dodoma, na gari nililiegesha kutwa chini ya mwarobaini kukwepa jua. Desemba, mvua ya kwanza tu, nikaona tone linaning'inia kwenye taa ya ndani. Nikampelekea fundi. Akatoa tyubu ya silikoni, ile wanayotumia mafundi wa aluminiamu, akazungushia kioo chote pembeni. Dakika ishirini, elfu thelathini, tukaagana kwa furaha.

Wiki tatu hivi gari likawa kavu. Januari ikaja ile mvua ya siku mbili mfululizo. Asubuhi nafungua mlango, kapeti la upande wangu ukilikanyaga linatoa maji kama sponji. Kwenye taa hapakuwa na tone hata moja! Nilianika kapeti juu juu, nikaendelea na maisha. Baada ya siku kumi gari likaanza kunuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni, halafu vioo vya milango vikawa vinashuka vyenyewe, na dashibodi inawaka taa za kila rangi. Fundi umeme alifungua plastiki ya pembeni miguuni pa dereva, akanionyesha boksi la umeme limeota ukungu wa kijani kwenye pini. Boksi la mtumba lilitoka Gerezani, Dar, likaja kwa basi. Ukijumlisha na kazi, ilinitoka laki nne na ushee. Kwa sababu ya silikoni ya elfu thelathini.

Kilichokuwa kimetokea nilikuja kukielewa baadaye, na ndicho nataka ukishike kabla hujatoa hela.

Raba ya sanrufu haikutengenezwa izuie maji yote. Kazi yake ni kupunguza maji na kuzuia mluzi wa upepo. Maji kidogo yanaruhusiwa kupita, na chini ya kioo kuna mfereji unaozunguka fremu nzima kuyapokea. Kwenye pembe za mfereji huo kuna matundu, kwa magari mengi manne, na kila tundu limeunganishwa na mrija. Ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya fenda. Ya nyuma inashuka kwenye nguzo za nyuma na kutokea maeneo ya tairi au bampa. Ni gata na simtanki, hakuna tofauti. Gata la nyumbani kwako likijaa majani, maji yanafurika na kurudi ukutani. Huwezi kumlaumu bati.

Sasa fikiria Dodoma. Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba au mwisho wa Novemba mpaka Aprili. Miezi iliyobaki ni vumbi na upepo. Vumbi lote hilo linatulia kwenye mfereji taratibu, likichanganyika na vijiti vya majani ya mwarobaini, na hakuna tone la kulisukuma. Siku mvua ya kwanza inapiga, vumbi linageuka tope, tope linaingia kwenye mrija, linakauka humo kama udongo wa nyumba ya tembe. Rafiki yangu wa Tanga ana gari kama langu na hajawahi kugusa mirija yake. Kule mvua inakuja mara kwa mara, mrija unajisafisha wenyewe.

Silikoni yangu ilibanduka upande mmoja, kwa sababu ilipakwa juu ya vumbi na bati la paa hapa mchana huwezi hata kuliwekea mkono. Maji yakapita hapo, yakakuta mirija imeziba, yakafurika na kufuata nguzo mpaka miguuni. Na ile silikoni yenye harufu kali ya siki, mkuu, inakula bati. Nilipokuja kuibandua nilikuta kutu imeanza kwenye ukingo wa paa.

Kwa hiyo fanya hivi. Egesha sehemu tambarare, fungua kioo, chukua kikombe cha maji, mimina taratibu kwenye pembe ya mbele upande wa dereva. Mtu mwingine achungulie chini. Maji yakitoka chini ndani ya sekunde chache, mrija huo ni mzima. Yakisimama kwenye mfereji, umeziba. Yakiondoka lakini chini hakutoki kitu, hiyo ndiyo mbaya: mrija umechomoka au umepasuka na maji yanaingia ndani ya gari, acha kumimina. Rudia pembe zote nne. Jaribio hili halina gharama, na sijaona fundi hata mmoja akilianza nalo bila kuombwa.

Kama mirija yote ni mizima, usiendelee kuisumbua sanrufu. Angalia kioo cha mbele kama kiliwahi kubadilishwa, boliti za keria ya juu, na shina la antena. Na kama ni kiangazi na maji yanakuja tu ukiwasha AC, huo ni mrija wa kutolea maji ya AC, kesi nyingine kabisa.

Kuzibua: kila mtu atakwambia peleka gereji wapulize kwa kompresa. Usikubali. Kule chini mrija umechomekwa tu kwenye ncha ya plastiki, upepo mkali unauchomoa ndani ya nguzo, na hapo itabidi ufungue silingi ya gari zima. Waya wa breki ya baiskeli nao nimeutumia, ncha yake ikifumuka inatoboa mrija. Kilichonisaidia ni uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Choma ncha kwa kiberiti iwe duara, isukume polepole ukizungusha, ikigoma mwaga maji ya uvuguvugu kidogo, subiri, endelea. Usitumie nguvu. Mrija wangu wa mbele kulia ulinichukua karibu saa nzima. Kilichotoka ni tope jekundu zito kama uji wa ulezi, na nyuma yake maji yakafuata kwa kishindo.

Usisahau kule maji yanakotokea. Mirija mingi ina mdomo wa raba mwishoni, wenye mkato mdogo unaofunguka maji yakija. Tope la barabarani linaubandika. Ubonyeze kwa vidole mpaka ulegee. Kuna gari moja la jirani yangu huku Nkuhungu tulihangaika nalo asubuhi nzima kwa juu, kumbe shida yote ilikuwa kwenye mdomo huo, kazi ya nusu dakika.

Ikibidi kufungua plastiki za nguzo, chomoa betri kwanza na usubiri dakika kadhaa, maana magari mengi yana mifuko ya hewa ya pembeni (airbag) imekunjwa humo. Hiyo kazi mwachie anayeijua. Ukirudisha betri, sanrufu inaweza kukataa kufunga yenyewe mpaka uifundishe upya. Mara nyingi ni kushikilia swichi ya kufunga kwa sekunde kadhaa, ila kila gari lina utaratibu wake, soma kitabu chake.

Tuje kwenye raba sasa, kwa kuwa nayo ina haki yake, jua letu linaikausha. Ioshe kwa maji na sabuni laini, tumia brashi ndogo ya kupakia rangi kutoa vumbi kwenye mikunjo, ikauke kivulini, kisha paka grisi ya silikoni kidogo sana kwa kitambaa. Angalia dukani wasikuchanganye: grisi ya silikoni ni ya kulainisha, silikoni ya tyubu ni gundi. Nilishapewa ya gundi mara mbili nikiwa nimetaja grisi. Oili ya injini, dizeli, mafuta ya mgando ya kujipaka, hivyo vyote vinaing'arisha raba siku mbili kisha vinaivimbisha na kuilegeza. Na vumbi linavipenda kweli.

Kujua kama raba imekufa, funga kioo kikiwa kimebana kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka na ukinzani kidogo, raba inafanya kazi. Kikiteleza bila kubanwa, zunguka sehemu nyingine uone ni pembe hiyo tu au kote. Mara nyingi si raba, ni kioo kimekaa chini au juu kuliko paa. Pitisha kidole: mbele kioo kiwe sawa na paa au chini kidogo mno, nyuma kiwe sawa au juu kidogo mno, tofauti ya kama milimita moja. Pembeni kuna skrubu za kurekebisha. Raba iliyopasuka kwenye pembe au iliyokakamaa kama plastiki, hiyo badilisha, lakini uliza kwanza kama gari lako raba inauzwa peke yake. Kwa magari mengi inakuja na kioo chake, na hapo ndipo watu wanapozimia.

Reli za kutelezea zifute kwa kitambaa mpaka ziwe safi ndipo upake grisi, utando mwembamba tu. Grisi nyingi ikichanganyika na vumbi la huku inakuwa msasa, na mota inaanza kulia. Urembo wa pembeni, zile raba ndefu za juu ya paa na kikinga upepo cha mbele, mimi nafuta tu na kubana klipu zilizolegea. Nyeusi ikipauka imepauka, haivujishi maji.

Kioo kikigoma kufunga mvua inakuja, usikisukume kwa mikono. Kwa magari mengi, nyuma ya kifuniko cha taa ya ndani kuna tundu la spana ya pembe sita kwenye mota, unazungusha kwa mkono hadi kifunge.

Kwako wewe mkuu, maji ni miguuni pa dereva, hivyo ninaushuku mrija wa mbele kulia kuliko raba. Toa kapeti lote nje leo, na sponji ya chini yake, usianike juu juu kama mimi. Chungulia na lile boksi la umeme pembeni kama limelowa. Kisha mwaga kikombe, urudi hapa utuambie maji yametokea wapi.