"Unaweza kuleta kansa" au "huenda ukaleta"?

SWALI: Mwalimu, huku kwetu Katuba wamesimamisha mnara wa simu karibu na shule. Kijana mmoja akabandika tangazo: "Mionzi ya mnara inaweza kuleta kansa." Jirani anataka aandike "inaleta". Mwingine anasema "huenda ikaleta". Si mamoja hayo? – Mama wa Lubumbashi

JIBU: Si mamoja, Mama. "Inaleta" tuitupe upesi, maana ni kauli ya jambo lililothibitishwa, na hili halijathibitishwa.

Ugumu uko kwenye "inaweza". Kitenzi -weza asili yake ni uwezo. Fundi anaweza kutengeneza redio hata siku asiyotaka. Basi anayesoma tangazo lile ana haki ya kuelewa kwamba nguvu hiyo mnara unayo tayari. "Huenda" haimpi mnara nguvu yoyote. Inatangaza shaka ya msemaji.

Watafiti walisema lipi? Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B. Nguvu ya sumaku inayozunguka nyaya za umeme ilikwisha kuwekwa humo tangu 2001. Kundi hilo ni la vitu ambavyo dalili zake ni chache, wala haijulikani kama zimetokana na bahati tu au kasoro za upimaji. Hiyo ni "huenda" tupu. Tena dalili za 2011 zilihusu watu waliotumia sana simu ya sikioni. Kwa wanaokaa jirani na minara, ushahidi ulionekana hautoshi kutoa hukumu yoyote. Kwa hiyo hata "huenda ikaleta" ya jirani yenu, sarufi yake ni safi, ila imeuelekea mnara kupita kiasi.

Msikimbilie "haiwezi kuleta" pia. Ukanusho huo unafunga mlango ambao watafiti wameuacha wazi. "Huenda isilete" hauufungi.

Na "mionzi" si kosa, lakini hapa Katanga neno hilo linamkumbusha mtu urani, yale madini ya mgodi wa Shinkolobwe. Mionzi ya urani inang'oa elektroni kwenye atomi na kuharibu chembe za mwili. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Kwa urani, kijana aandike "inaweza kuleta kansa" bila kusita. Kwa mnara, aandike "mawimbi".