Dawa ya mzee na maharage ya mchana

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 68, mkono wa kulia unatetemeka akiwa katulia tu, akitembea anaburuta miguu na uso umekuwa mgumu kama kakasirika kumbe wala. Majirani walisema uzee, wengine karogwa, tumezunguka karibu miaka miwili ndo tukaambiwa ni Parkinson, akaanzishiwa levodopa iliyochanganywa na kabidopa mara tatu kwa siku. Ya asubuhi inamkubali hadi anafunga vifungo mwenyewe, ila ya mchana kama vile kameza chaki. Kaka yangu kasoma kwamba ugonjwa ni kupungukiwa dopamini, sasa si wampe dopamini yenyewe yaishe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nahisi mchana mzee anakula wali maharage au samaki, na dawa anameza hapohapo sahani iko mbele yake, nisahihishe kama nimekosea.

Kaka yako kapatia nusu. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ina rangi nyeusi, seli zake ndo zinatengeneza dopamini, ile inayofanya ukitaka kunyanyua kikombe mkono unakuja bila kubembelezwa, na kwa mwenye Parkinson hizo seli zinakufa polepole. Ila dopamini ikiwa kwenye damu haiingii ubongoni, kuta za mishipa ya huko zimebana hazipitishi kila kitu. Dopamini kama dawa ipo, hospitali wanaiweka kwenye dripu presha ya mgonjwa ikishuka vibaya, inasukuma moyo na mishipa basi, kichwani haifiki. Levodopa ni malighafi yake, yenyewe inapita, na ikishaingia ndo inageuzwa kuwa dopamini hukohuko. Mswidi Arvid Carlsson alionyesha hili kwa sungura mwaka 1957, aliwapa resapini inayomaliza akiba ya dopamini wakalala hawajiwezi, akawachoma levodopa, muda si mrefu wakainuka. Nobel alikuja kupewa mwaka 2000, miaka yote hiyo!

Sasa inapitaje? Levodopa ni amino asidi, ndugu na vile vipande vinavyopatikana tukila protini, na wote wanagombania daladala moja, kwanza kutoka utumboni kuingia kwenye damu, alafu tena kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Mzee akila maharage na samaki viti vinajaa, dawa inabaki stendi. Asubuhi kanywa chai na muhogo, gari tupu, inapita. Kwaiyo ameze nusu saa kabla ya kula au saa moja na zaidi baada ya kula, na jamani msimnyime maharage, atakwisha mwili. Wengine wanahamishia protini nyingi usiku, muulizeni daktari wake. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo visimezwe pamoja nayo, vinaishika tumboni.

Na hiyo miaka miwili msijilaumu. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakapata watu 33 wenye Parkinson, wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini.

SWALI: Baba mkwe akimeza levodopa anatapika. Duka la dawa hapa mtaani wametupa Plasil, kutapika kumepungua lakini sasa kakakamaa kuliko mwanzo, hata kugeuka kitandani hawezi.

JIBU: Plasil isimamishwe na daktari wake apigiwe simu leoleo, hapa sina upole. Ni metoklopramaidi, inazuia kutapika kwa kuziba zile sehemu dopamini inapofanyia kazi, na inaingia mpaka ubongoni, yani mnamjazia ndoo huku mmeitoboa.

Kutapika kwenyewe kunatokana na levodopa nyingi kugeuka dopamini njiani kabla haijafika kichwani, hiyo ya njiani ndo inachokoza sehemu ya kutapisha. Marcus Guggenheim, aliyeitoa levodopa kwenye yale maharage mapana wanayopikia ful Misri, alimeza gramu 2.5 mwenyewe mwaka 1913 akatapika vibaya. Kabidopa imewekwa kwenye kidonge kwa kazi hiyo tu, kuzuia isigeuzwe njiani. Muulizeni daktari kama kabidopa anayopata inatosha na kama dozi ilipandishwa haraka, daktari George Cotzias kule New York miaka ya 60 alifanikiwa kwa kuanza na kidogo na kupanda taratibu. Ndizi mbivu au biskuti kavu wakati wa kumeza inasaidia. Domperidoni haiingii sana ubongoni ila ina mambo yake na moyo, msijinunulie.

SWALI: Eti mbegu za upupu ni dawa ya Parkinson?

JIBU: Upupu huuhuu uliokuwa ukimwagwa kwenye madawati shuleni, ndiyo. Kinachowasha ni manyoya ya ganda, mbegu zina levodopa ya kweli kabisa, na waganga wa Ayurveda India wanazijua toka zamani. Shida yangu ni kipimo, mbegu ya shamba hili na lile hazilingani, kabidopa haimo, na mgonjwa akijumlisha na vidonge vyake anaweza kuanza kujinyonganyonga mwili mzima au kuona watu ambao hawapo. Jikoni hakuna mzani wa kitu hicho.

SWALI: Mume wangu hajawahi kucheza kamari maisha yake, tangu aanze dawa za kutetemeka anabeti usiku kucha, kashauza pikipiki. Nimwachishe?

JIBU: Pole sana dada. Inajulikana, dopamini inahusika pia na ule utamu wa kutaka tena na tena, na hutokea zaidi kwa dawa za jamii ya pramipeksoli, zile zinazoiga dopamini ubongoni, angalia kama imo kwenye dawa zake. Mwambie daktari mbele ya mumeo bila aibu, ampunguzie au ambadilishie. Ila usimwachishe ghafla, anaweza kupata homa kali, misuli ikakaza na akili ikavurugika, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali. Simu yenye hela kaa nayo wewe kwa sasa.